Mwelekeo wa Kijinsia: Je, Mtu Huzaliwa Nao au Hubadilika?

Katika familia za Mbeya na Iringa, swali hili huulizwa kwa uchungu: kijana anayevutiwa na watu wa jinsia yake amezaliwa hivyo, ameiga, au amerogwa? Jibu analolishika mzazi ndilo humpeleka mtoto kwa paroko, kwa mganga au kwenye fimbo. Inafaa basi tulitazame kwa utulivu.

Mvuto si tendo

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951, *Good Company*, kwamba vitendo vya namna hiyo vilijulikana katika vijiji vya marika vya vijana wa kiume, navyo vilihesabiwa kuwa mambo ya ujana. Tendo, basi, halithibitishi mvuto wa kudumu. Na mvuto waweza kuwapo pasipo tendo lolote. Hata kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, pamoja na ukali wake, kinahusu matendo.

Sayansi yasemaje?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la *Science*, ukihusisha watu karibu nusu milioni, haukupata jeni moja inayoamua mvuto huo. Ulikuta vinasaba vingi, kila kimoja kikiwa na mchango mdogo, huku mambo mengine nayo yakichangia. Hata hivyo, kutofahamika kikamilifu kwa chanzo hakuna maana kwamba mtu amejichagulia.

Kuhusu kubadilika, mwaka 2009 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo. Halikuona ushahidi wa kutosha kwamba jitihada za kuubadili mvuto hufaulu, na lilionya kwamba zaweza kudhuru. Mwaka 2013 Exodus International, shirika la Kikristo lililojulikana kwa jitihada hizo, lilitangaza kufungwa, na kiongozi wake akaomba radhi. Mvuto wa baadhi ya watu hugeuka wenyewe maishani. Kuulazimisha ugeuke ni jambo jingine.

Utambulisho wa kijinsia, yaani jinsi mtu anavyojiona kuwa mume au mke, ni suala tofauti. Hati *Dignitas Infinita* ya mwaka 2024 inakataa kubadili jinsia, lakini inakubali tiba kwa mwenye hitilafu ya viungo vya uzazi.

Kanisa lafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357 hadi 2359, inafundisha kwamba matendo hayo hayakubaliki, na kwamba wenye mwelekeo huo wanaitwa kuishi usafi wa moyo. Lakini inakiri pia kwamba chanzo chake cha kisaikolojia kwa sehemu kubwa hakijaelezeka, na inaagiza watu hao wapokelewe kwa heshima na huruma, pasipo ubaguzi usio wa haki. Haitoi ahadi kwamba mvuto utaondoka, wala haiwaamuru wazazi wauondoe.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi: msimpige mtoto, msimpeleke kwa mganga, wala msimwoze kwa nguvu mkidhani ndoa ni dawa. Kadiri ya Kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa, ndoa iliyofungwa kwa shuruti ni batili; na anayeozwa naye, asiyejua lolote, hudhulumiwa vilevile. Msikilizeni mtoto, tunzeni siri yake, naye apate nafasi mezani kama ndugu zake.