Risasi Ilipita Wapi

Babu yangu ana makovu mawili begani, moja mbele na moja nyuma, na kwa zaidi ya miaka arobaini ukoo wetu haujakubaliana lipi lilitangulia.

Nilipokuwa mdogo pale Ngokolo nilidhani ni ubishi wa wazee tu. Jumapili, baada ya misa, ndugu wakishajaa uani na mazungumzo yakigusa ng'ombe au urithi, lazima mmoja akumbushe kwamba babu alipigwa risasi ya mgongo. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: alikuwa anakimbia. Bibi hujibu palepale, bila kuinua macho kwenye mchele anaoupeta: "Iliingilia mbele. Mimi ndiye niliyemwosha."

Mwaka jana, nikiwa natakiwa kuandika tasnifu ya historia, nilikuwa naandika hadithi ya upelelezi. Nimelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na Willy Gamba wa Elvis Musiba, nikaona na mimi nijaribu. Maiti wangu alikutwa kando ya reli akiwa na "tundu la risasi kifuani". Rafiki yangu aliyekuwa anamalizia mafunzo ya udaktari akasoma, akacheka. "Tundu lipi? La kuingilia au la kutokea?"

Sikuwa najua kwamba ni maswali mawili. Akanieleza. Tundu la kuingilia kwa kawaida ni dogo, la mviringo, na ukingo wake una mchubuko, kwa sababu risasi huikwangua ngozi inapoisukuma ndani. La kutokea huwa limepasuka ovyo, halina mchubuko huo, na mara nyingi ni kubwa zaidi. Bunduki ikiwa karibu huacha masizi. Ikiwa mbali kidogo, chembe za baruti ambazo hazijaungua huchoma vidoadoa kwenye ngozi. Ikiwa mbali zaidi, huoni kimojawapo. Halafu akaniharibia kila kitu: mdomo wa bunduki ukigandamizwa kwenye paji la uso, gesi hunaswa kati ya ngozi na mfupa na kuichana ngozi kama nyota, hata tundu la kuingilia likawa kubwa kuliko la kutokea. Na mtu akiwa ameegemea ukuta au amelala chini, ngozi ya upande wa kutokea hubanwa, ikachubuka, ikafanana na ya kuingilia.

Ndiyo maana daktari makini huandika kwanza anachokiona: ukubwa, umbo, kingo, mahali. Novemba 22, 1963, huko Dallas, Dk. Malcolm Perry, aliyetoka kumhudumia Rais Kennedy, aliwaambia waandishi wa habari kwamba jeraha la kooni lilionekana kuwa la kuingilia. Uchunguzi rasmi wa maiti ukasema risasi ilitokea hapo. Perry mwenyewe alikuwa amekata palepale ili kumwekea mgonjwa njia ya hewa, kwa hiyo alama ilikwisha kuharibika. Watu wanabishana mpaka leo. Kumbe ukoo wetu una wenzake Marekani.

Kiswahili kina utajiri wa kusimulia silaha. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yenyewe. Kuna marisau, kuna gobore, na vijana wa mtaani huita bastola mguu wa kuku na risasi shaba. Kwa jeraha tunasema "risasi imepita" au "risasi imebaki". Tunafuata safari ya risasi, mwili tunauacha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na mimi nikafikiria shahidi kizimbani akiulizwa ilipita kutoka wapi kwenda wapi.

Babu alipigwa mwaka 1982, kijijini, upande wa Kahama. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, silaha za kivita zimezagaa, na wezi wa ng'ombe waliokuwa wakija na mikuki sasa walikuja na bunduki. Katika miaka hiyohiyo, Kahama ndiko sungusungu walikoanzia: wanaume wa kijiji wenye pinde, mishale na filimbi, wakiongozwa na mtemi wao, wakipeana habari kwa yowe la mwano kutoka kijiji hadi kijiji. Serikali ilikuja kuwakubali, ingawa yapo waliyoyatenda ambayo hayasimuliwi Jumapili. Kusikia mwano na kubaki ndani ilikuwa aibu, tena ilikuwa kosa lenye adhabu. Kwa hiyo bega la babu halikuwa suala la kidaktari. Mtu aliyepigwa mgongoni usiku wa mwano alikuwa na maswali ya kujibu.

Hakupelekwa hospitali. Hakuna PF3, hakuna picha ya eksirei, kuna bibi na maji ya chumvi. Nilimtumia rafiki yangu picha za makovu. La mbele ni kubwa na lina mikunjo. La nyuma ni kama shilingi. Nikajua jibu litakuwa baya. Lakini alikataa kulitoa: mchubuko na masizi havikai miaka arobaini, kidonda kilichooza hupanuka, na kama lilikuwa gobore lililoshindiliwa vipande vya chuma, usitegemee tundu la mviringo popote.

Pasaka nilikwenda nyumbani na kumwuliza babu mwenyewe. Nilishangaa kwamba sikuwahi. Alikuwa anasuka kamba.

"Sikuwa nakimbia," alisema. "Wala sikuwatazama. Nilikuwa nimeinama nafungua zizi."

Nikaandika: ameinama, mgongo juu, risasi kutoka nyuma kwenda mbele. Inawezekana kabisa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, kimya kwa mara ya kwanza.

Alikuwa analifungua ili ng'ombe watoroke, au alikuwa anawafungulia wale watu? Nilifunga daftari, nikamshikia ncha ya pili ya kamba.