Mapigano ya Birmingham (1643)

Mapigano ya Birmingham, yanayoitwa pia Mapigano ya Camp Hill, yalitokea Jumatatu ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1643, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Uingereza. Jeshi la Mfalme Charles I, chini ya Mwanamfalme Rupert, liliuteka mji huo uliokuwa upande wa Bunge. Waliokufa hawakuwa wengi, lakini mapigano haya yanaonyesha jinsi jemadari hodari anavyoweza kumsaidia mfalme wake na kumponza papo hapo.

Usuli

Rupert, mpwa wa mfalme, alizaliwa Prague mwaka 1619 na alikuwa amekwisha kupigana vita Ulaya bara. Aliwafundisha wapanda farasi wake kuvamia kwa kasi, safu zikiwa zimeshikamana na panga mkononi, badala ya kusimama na kufyatua bastola. Huko Edgehill, Oktoba 1642, waliwatimua wapinzani, lakini wakawafukuza mbali mno na kuwaacha askari wa miguu wa mfalme bila msaada.

Birmingham ulikuwa mji wa wahunzi, usio na kuta. Inasimuliwa kuwa Robert Porter, mwenye kinu cha kunolea panga, alilipatia jeshi la Bunge panga 15,000 na kukataa kuwauzia watu wa mfalme.

Mapigano

Rupert alikuwa njiani kwenda Lichfield ili kuifungua njia ya kaskazini. Alikuwa na askari zaidi ya 1,500 pamoja na mizinga. Walinzi wa mji walikuwa mamia machache tu. Wakiwa nyuma ya maboma ya udongo, walinzi walirudisha nyuma mashambulizi mara mbili. Ndipo wapanda farasi wa Rupert walipozunguka kupitia mashambani na kuingia mjini. Kapteni Richard Greaves, wa upande wa Bunge, aliwageukia waliokuwa wakiwafukuza wenzake, akawapa nafasi ya kutoroka. Katika purukushani hizo Lodi Denbigh, wa upande wa mfalme, alijeruhiwa vibaya, akafa siku chache baadaye.

Matokeo

Askari walipora mji usiku kucha, na siku iliyofuata nyumba zipatazo 80 zikateketea. Kinu cha Porter kilibomolewa. Upande wa mfalme ulisema Rupert hakuamuru moto huo. Hata hivyo, vijitabu vya wafuasi wa Bunge vilimtangaza kuwa mchomaji wa miji, na sifa hiyo mbaya ikamwandama mfalme mwenyewe.

Athari katika vita

Mwezi huohuo Rupert aliiteka Lichfield, na Julai akaiteka Bristol. Kasi yake iliupa upande wa mfalme nguvu kubwa mwaka 1643. Mkondo ulibadilika aliposhindwa Marston Moor mwaka 1644. Mwaka uliofuata jeshi kuu la mfalme lilivunjwa Naseby.

Uhodari wa Rupert ulimpatia mfalme miji, lakini kushindwa kwake kuwazuia askari baada ya ushindi kulimpotezea imani ya raia ambao angewatawala.