Ndege ya Kwanza Haikuwa ya Kennedy

Wasee, kabla hujashea tena ile picha ya wanafunzi Wakenya wenye suti safi wakiwa kando ya ndege, rekebisha maneno ya chini. Watu huandika "Ndege ya Kennedy". Ndege ya kwanza haikuwa ya Kennedy. Iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na pesa za kina Kennedy hazikuwamo.

Utaniuliza, sasa hiyo inasaidia nini mtu wa Mayoni anayetafuta skolashipu 2020 na kitu? Inasaidia sana. Swali la nani alilipa ndilo swali ambalo siku hizi tunasahau kuuliza, na kulisahau kumekula mashamba ya watu.

Tuanze na Tom Mboya. Mwaka huo wa 1959 alikuwa na miaka 29. Babake alikuwa mfanyakazi wa shamba la katani kule Kilima Mbogo. Mboya mwenyewe hakuwa na digrii. Alikuwa amesoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford, 1955 hadi 1956, akarudi kuendelea na vyama vya wafanyakazi. Aprili na Mei 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuomba vyuo nafasi za Wakenya. Vyuo vikakubali. Shida ikawa, utafikaje huko? Tiketi ya ndege ilikuwa ghali kuliko kitu chochote ambacho familia ya kijijini ingeweza kuuza.

Hapo ndipo shirika la African-American Students Foundation lilipoingia. Mfanyabiashara William Scheinman alikuwa mmoja wa walioliendesha. Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba umma mchango. Pesa zikapatikana, ndege ya kukodi ikaruka.

Lakini msiseme Wamarekani walifanya yote. Chuo kilitoa nafasi na mara nyingi karo. Shirika lilitoa usafiri. Kilichobaki, yaani nguo, chakula na pesa za kuanzia maisha, kilitoka nyumbani: watu walichanga, wakafanya karamu za chai, wakauza mifugo. Mzigo ulikuwa na vipande vitatu, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina.

Kennedy alikuja mwaka uliofuata. Julai 1960 Mboya alimtembelea Hyannis Port, na wakfu wa familia hiyo ukaahidi dola 100,000. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Iliposikia Kennedy ametoa, nayo ghafla ikasema iko tayari kulipa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, Kennedy dhidi ya Nixon, na kura za Wamarekani weusi zilikuwa na thamani. Hadi 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo. Hata Barack Obama, akihutubia Selma mwaka 2007, alisema kina Kennedy ndio walioleta babake Marekani. Tarehe zinakataa. Mzee alifika Hawaii 1959.

Kutoka kundi la 1960 tulipata Wangari Maathai. Alienda chuo kidogo cha masista kule Atchison, Kansas, akafanya shahada ya pili Pittsburgh, akarudi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Upande wa pili kulikuwa na Jaramogi Oginga Odinga. Yeye alipeleka vijana Mashariki: Urusi ya Kisovieti, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Wakoloni hawakutaka kuwapa pasipoti, kwa hivyo wengine walipitia Uganda na Sudan hadi Cairo, kisha wakaruka. Mwanawe Raila alienda Ujerumani Mashariki 1962, akasomea uhandisi Magdeburg. Waliporudi, wengi wa Mashariki walitazamwa kwa jicho la shaka, kazi za serikali zikawapita. Digrii ilikuwa ileile ya miaka mingi ya jasho, ila ilikuwa na harufu ya aliyeilipia. Hakuna skolashipu ya bure kabisa. Anayetoa ana sababu yake. Hiyo si dhambi, mradi uijue.

Na sisi wa magharibi? Masinde Muliro, mtu wa Kimilili, alikuwa amesoma chuo kikuu cha Cape Town kabla ya hizo ndege zote. Mwaka 1957 akaingia bunge la kikoloni kuwakilisha Nyanza Kaskazini, na Nyanza Kaskazini ndiyo sisi hawa. Baadaye skolashipu yetu ikawa miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga 1973, na kwa miaka mingi mzazi wa hapa Mayoni akisema "ngoja miwa ikatwe", alikuwa anazungumzia karo. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Tangu hapo, mtu akitaka kumpeleka mtoto ng'ambo, kinachobaki ni shamba lenyewe.

Sasa tuje Uasin Gishu. Mwaka 2021 kaunti ilianza mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland na Kanada. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi. Wengine waliuza ng'ombe, wengine ardhi, wengine wakafanya harambee. Halafu vyuo vikasema karo haijafika, na wanafunzi waliokuwa tayari Finland wakaanza kutishiwa kurudishwa. Wengine hawakuwahi kuona hata uwanja wa ndege. Agosti 2023 aliyekuwa gavana, ambaye sasa alikuwa seneta, alikamatwa na kushtakiwa pamoja na maofisa wengine kwa njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka. Nani ana hatia ni kazi ya korti. Kazi yangu hapa ni kuonyesha tofauti na 1959.

Mwaka 1959 chuo kilikubali kwanza, ndipo kijiji kikachanga. Kwenye mambo ya Finland, pesa ya mzazi ilipita kwenye akaunti ya katikati kabla ya kufika chuoni, na katikati hapo ndipo ilipokwama. Wazazi hawakuwa wajinga. Walifanya vilevile babu zao walivyofanya: kijiji kinaamini, kijiji kinachanga. Ila safari hii mlango haukuwa na mwenyewe wa kuulizwa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sikai hapa kukufundisha kuandika barua ya maombi. Nakuomba tu, kabla mathe hajakodisha shamba, keti naye mgawe ule mzigo vipande vitatu kama 1959. Karo nani analipa, na barua ya chuo chenyewe iko wapi? Tiketi na viza ni za nani? Chakula cha mwaka wa kwanza kitatoka wapi? Kisha andikieni chuo moja kwa moja, kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile uliyopewa na ajenti. Karo ilipwe kwa akaunti ya chuo. Na mjue kwamba skolashipu kubwa kama Chevening ya Uingereza au Fulbright ya Marekani hazidai ada ya kutuma fomu. Ukiombwa "elfu kumi ya kufungua faili", funga simu.

Kama kuna kipande kimoja ambacho hakuna mtu mwenye jina anayekishika, msichange bado. Kijana akingoja mwaka mmoja, bado ni kijana. Shamba likishauzwa, wadogo zake watalima wapi?