Bunduki ya upepo: Namna ya kuitunza na kuipima shabaha

BUNDUKI ya upepo inayotumia springi haina baruti. Mpigaji anapoukunja mtutu au kuvuta wenzo wake, pistoni hurudi nyuma na kuibana springi. Akifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa hubanwa ghafla na kuirusha risasi ndogo, aghalabu yenye kipenyo cha milimita 4.5.

Mshindo huo wa pistoni huitikisa bunduki kabla risasi haijatoka mtutuni. Ndiyo maana skrubu iliyolegea kidogo tu yaweza kuiharibu shabaha ya mpigaji hodari.

Matunzo ya kawaida

Kabla ya lolote, hakikisha bunduki haina risasi na springi haijabanwa. Baada ya matumizi, pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ili kuzuia kutu. Kaza skrubu za kitako na za darubini, bila kupita kiasi.

Usitie mafuta mepesi ndani ya silinda. Hewa inapobanwa hupata joto kali linaloweza kuyalipua mafuta hayo na kuharibu pistoni. Vilevile, usifyatue bila risasi: pistoni hukosa hewa ya kuipunguzia kasi na kugonga mwisho wa silinda. Usiiache springi imebanwa kwa muda mrefu, kwani hudhoofika.

Kufungua silinda si kazi ya nyumbani wala ya fundi wa jua kali. Hata bunduki ikiwa tupu, springi iliyomo ingali imekazwa na yaweza kuruka na kumjeruhi mtu. Mwachie fundi wa silaha aliyesajiliwa.

Upimaji

Weka shabaha umbali wa mita 10, ambao ndio hutumika katika Michezo ya Olimpiki tangu 1984. Shika bunduki kwa wepesi, ikilala juu ya kiganja, wala usiiegemeze juu ya kitu kigumu. Piga risasi tano ukilenga mahali pamoja, kisha pima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi.

Matundu yakikusanyika pamoja lakini mbali na katikati, bunduki ni nzima, rekebisha kilengeo. Yakitawanyika, kagua skrubu, jaribu risasi za aina nyingine, kisha chunguza mpira unaoziba maungio ya mtutu. Badilisha jambo moja tu kila mara, la sivyo hutajua lililoleta nafuu.

Si mtaani

Kwa mkazi wa Mathare, swali kubwa ni mahali pa kufanyia majaribio hayo. Katika vichochoro vya mtaa huu, nyuma ya kila shabaha pana nyumba ya jirani. Ukuta wa mabati si kinga ya kutegemewa, na risasi ikigonga jiwe au chuma yaweza kurudi. Jicho likipigwa, huenda lisione tena. Isitoshe, kwa mbali silaha hii hufanana na bunduki ya kawaida. Polisi au mwananchi mwenye hofu hatangoja kuelezwa tofauti.

Usidhani kwamba kukosa baruti kunaiweka nje ya sheria. Kabla ya kununua au kubeba, uliza Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoundwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Upimaji ufanyike katika uwanja rasmi wenye msimamizi, mfano ule wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu.

Mwisho, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi nyingi za bunduki hizi ni za madini ya risasi, sumu ile ile iliyowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wanaodhurika zaidi ni watoto. Wasiziguse risasi hizo, seuze bunduki yenyewe.