Kila sahani na maji yake

Chovya pamba kwenye spiriti ya dukani, ipitishe taratibu juu ya sahani ya mwimbaji Siti binti Saad ya mwaka 1928, kisha itazame ile pamba. Itakuwa nyeusi tii. Mwenye sahani atafurahi, akidhani ametoa vumbi la karibu miaka 100, kumbe alichotoa ni sauti. Sahani za wakati ule zilitengenezwa kwa shelaki, na shelaki huyeyuka ndani ya spiriti. Fundi seremala aliyewahi kupiga milango polishi ya zamani analijua hilo vizuri, maana ndivyo alivyokuwa akiikoroga polishi yenyewe.

Sasa changanya maji mengi na spiriti kidogo, upanguse kwa mchanganyiko huo sahani ya vainili iliyotoka Nairobi miaka ya 1970. Hakuna litakaloharibika, na huenda ikalia vizuri zaidi. Sahani mbili, zote nyeusi, zote za mviringo, zimekaa kasha moja sebuleni kwa mtu, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Historia ya kusafisha santuri nyumbani imezunguka hapo hapo: kila viwanda vilipobadili kitu cha kutengenezea sahani, ushauri wa jana uligeuka hatari, na watu wakachelewa kupata habari.

Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi za jirani. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani na kubuni gramafoni ya sahani bapa mwaka 1887, alijaribu kwanza mpira mgumu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1890 sahani zake zilikuwa za shelaki. Hata hivyo, shelaki ilikuwa gundi tu. Sehemu kubwa ya sahani ilikuwa unga wa mawe, pamoja na masizi ya kuipa weusi. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilifungua kiwanda Calcutta mwaka 1908, na ni kampuni hiyo hiyo, kwa lebo ya HMV yenye picha ya mbwa, iliyowarekodi Siti na wenzake walipovuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay.

Ule unga wa mawe uliwekwa makusudi. Kichwa kilichobeba sindano ya gramafoni kilikuwa na uzito wa gramu 100 na zaidi, na sindano yenyewe ilikuwa ya chuma cha kawaida. Katika mizunguko michache ya kwanza, sahani ndiyo iliyoinoa sindano mpaka ikakaa sawasawa mferejini. Kwa sababu hiyo makopo ya sindano yaliandikwa kwamba kila moja itumike mara moja tu, upande mmoja wa sahani, kisha itupwe. Katika hali kama hiyo nani angeshughulika na vumbi? Uzito ule ulilisukuma pembeni, na mkwaruzo wa mawe ulifunika kelele yoyote iliyobaki.

Kwa hiyo usafi wa enzi ya gramafoni ulikuwa mwepesi. Wauza santuri walitoa kidude cha mviringo kinachoenea kiganjani, chini mahameli, juu jina la duka, na wateja wengi walikipata bure, kwa kuwa kilikuwa tangazo lililovaa nguo ya msaada. Unazungusha sahani, unashikiza mahameli, basi. Maji hayakuwemo, na kwa baadhi ya sahani yangekuwa balaa. Zile nene za Thomas Edison zilizoitwa Diamond Disc, zilizotoka mwaka 1912, zilikuwa na kiini cha unga wa mbao au udongo. Zikilowa, kiini hufura na ngozi ya juu hubanduka.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyotikisa mambo. Shelaki ilitoka Asia, njia za bahari zikawa uwanja wa mapigano, na Aprili 1942 serikali ya Marekani ikavibana viwanda vya santuri vitumie sehemu ndogo tu ya ile vilivyozoea. Watu wakaombwa wapeleke sahani zao kuukuu zikasagwe upya. Jeshi, kwa upande wake, lilipotaka kuwapelekea askari muziki kwa sahani zilizoitwa V-Disc, lilichagua vainili, plastiki isiyovunjika ovyo safarini. Juni 1948 kampuni ya Columbia ikawaonyesha waandishi wa habari jijini New York sahani ya LP, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu kwa sahani ndogo ya mizunguko 45.

Vainili ililia kwa utulivu ambao masikio ya watu hayakuwahi kuuzoea. Utulivu huo ndio ulioleta kesi ya vumbi. Ncha ya sindano ya zamani ilikuwa na nusu kipenyo cha mikroni 75 hivi, unene wa unywele. Ya LP ilishuka hadi mikroni 25. Upande mmoja wa LP una mfereji ambao ukinyooshwa unakaribia nusu kilomita, na katika urefu huo wote kila chembe iliyolala ndani inasikika: tak, tak, pa. Juu ya hayo, vainili haipitishi umeme. Ukiichomoa kwenye mfuko wake, ukaisugua kidogo tu, inashika umeme tuli na kuanza kuvuta vumbi la chumba kizima. Kile kidude cha mahameli kikawa adui wa ndani: kila ulivyofuta kwa kitu kikavu ndivyo ulivyoongeza umeme, na vumbi likarudi kabla hujashusha sindano.

Mtu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote alikuwa Mwingereza, Cecil E. Watts. Alikuwa mhandisi, na kabla ya vita kampuni yake ya MSS, yaani Marguerite Sound Studios, ilitengeneza sahani za kurekodia papo hapo, bamba la alumini lililopakwa rangi laini inayochongwa na kusikilizwa saa hiyo hiyo. BBC ilikuwa miongoni mwa wateja. Mtu aliyechonga mifereji kwa mkono wake anajua kinachoweza kuingia humo, na Watts alikuwa na hadubini ya kumthibitishia. Alipiga picha za mifereji iliyojaa nyuzi za nguo, majivu ya sigara na mafuta ya vidole, akazitumia kuwafundisha watu kwa vijitabu.

Katika miaka ya 1950 alitoa kifaa alichokiita Dust Bug. Ni kijimkono cha plastiki kinachosimama pembeni mwa sahani. Mbele kina brashi ya nywele laini za nailoni zinazoingia mferejini, nyuma yake kitambaa kilichokunjwa kama kidole na kulowanishwa kwa tone moja au mawili ya dawa ya kuzuia umeme. Ukiweka sahani, unakishusha nacho, na brashi inafuata mfereji yenyewe kutoka ukingoni hadi katikati, sambamba na sindano, bila mtu kuigusa. Nailoni inachokonoa, kitambaa kinapokea. Wimbo ukiisha, unakuta mstari wa uchafu wa kijivu kwenye kitambaa, na mtu aliyeapa kwamba sahani zake ni safi hunyamaza. Ilikuwa kazi nzuri kwa bei ya mtu wa kawaida, na nadhani hakuna kifaa kilichowafundisha watu wengi zaidi kwamba mkono wao ndio tatizo.

Watts aliogopa maji mengi. Alitaka unyevu tu, kiasi cha kuua umeme. Mwingereza mwenzake, Percy Wilson, mhariri wa ufundi wa jarida la The Gramophone kwa miaka mingi, aliona tofauti: uchafu ulioganda hautoki kwa unyevu, sahani ioshwe hasa, kisha yale maji yaondolewe yakiwa bado yamebeba uchafu. Hapo ndipo penye siri yote. Maji yakiachwa yakauke juu ya sahani, uchafu unarudi chini mferejini, safari hii ukiwa umegandishwa vizuri. Wazo la Wilson liligeuzwa kuwa bidhaa na Keith Monks mwishoni mwa miaka ya 1960: mashine kubwa kama dawati, yenye brashi ya kuoshea na mrija mwembamba wa kufyonza. Kati ya mdomo wa mrija na sahani ulipita uzi, unaosogezwa taratibu ili kila mara sahani iguswe na uzi msafi. BBC ilizinunua, maktaba zikazinunua. Mtu wa nyumbani alizitazama tu picha zake.

Yeye aliuziwa vitu vingine. Marekani, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Bruce Maier aliuza Discwasher, brashi ya mkono yenye mpini wa mti wa jozi uliong'arishwa, na ndani ya mpini tundu la kuhifadhia kichupa cha dawa. Nyuzi zake zililala upande mmoja, hivyo ukisukuma zinakusanya, ukirudisha haziachi kitu. Katika miaka ya 1970 haikukosekana kwenye nyumba yenye redio nzuri. Waingereza nao walileta Zerostat, bastola ya plastiki isiyotoa risasi. Ukibana kifyatulio inatoa chaji chanya, ukiachia inatoa chaji hasi, na umeme wa sahani unakufa. Inafanya kazi kweli, ingawa mgeni akikukuta umeielekezea LP ya taarabu itabidi ujieleze.

CD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982, biashara hii yote ilisinyaa. Ilifufuka pamoja na vainili: mwaka 2022 LP ziliuzwa Marekani kwa wingi kuliko CD, karibu milioni 41 dhidi ya milioni 33, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1987. Siku hizi kuna mashine kama Degritter ya Estonia inayoosha kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, kwa bei ya kununulia pikipiki. Kuna pia wanaomwaga gundi nyeupe ya mbao juu ya sahani nzima, wakaiacha ikauke na kuibandua kesho yake kama ngozi. Kwenye vainili inaweza kutoa matokeo ya kushangaza. Kwenye shelaki, sahau.

Kwetu, kasha la familia mara nyingi lina aina zote mbili. Juu utakuta sahani ndogo za 45 za bendi za dansi, ambazo Nairobi ilizifyatua kwa wingi miaka ya 1960 na 1970. Chini yake zile nzito za mizunguko 78 alizoziacha babu. Umri wa muziki usikudanganye. India iliendelea kutoa sahani za 78 hata za Beatles katika miaka ya 1960, kwa hiyo wimbo wa "juzi" unaweza kuwa juu ya shelaki. Tazama mwendo ulioandikwa kwenye lebo, kisha shika sahani kwa kingo: shelaki ni nzito, ngumu, na ukiigonga kwa ukucha hutoa mlio wa kigae. Vainili hupindika kidogo. Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ni shelaki. Na ukikuta bamba la chuma chini ya rangi nyeusi iliyoanza kupasuka, usiguse kabisa. Ni ndugu ya zile za Watts, rangi yake ililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, na ule ukungu mweupe juu yake mara nyingi ni mafuta hayo yanayotoka, wala si kuvu.

Zilizobaki zinaosheka kwenye meza ya jikoni. Tanguliza brashi kavu nje ya nyumba, hasa kwa sahani zilizokaa pwani na kuota kuvu, na ufunge kitambaa puani. Tia matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na mafuta ya kulainisha mikono, ndani ya lita moja ya maji ya uvuguvugu. Pangusa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda ukingoni, na lebo isilowe. Shelaki iguse kwa haraka na uikaushe mara moja. Vainili inavumilia zaidi. Simamisha sahani kwenye kichanja cha vyombo kivulini, na usiirudishe kwenye mfuko wake wa zamani uliojaa vumbi ulilotoka kuliondoa. Kata mpya kutoka karatasi safi.

Suuza ya mwisho ndiyo inayoharibiwa na wengi. Maji ya visima vya Unguja na Mombasa yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa na mara nyingine chumvi, na yakikauka huacha unga mweupe mferejini ambao sindano itausoma kama mchanga. Yanatakiwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, na hayahitaji kuagizwa Ulaya. Ni yale yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, yanapatikana kwenye vituo vya mafuta. Soma tu lebo kabla ya kulipa, maana tindikali ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za namna hiyo, na mara nyingi hukaa rafu moja.