Ng'ombe wa Chuma wa Bweranyange



Wapendwa katika Kristo, juma lililopita lilizuka jambo katika kamati yetu ya ujenzi ambalo hatukulitarajia. Vijana waliombwa kupendekeza mchoro wa mlango wa chuma wa kikanisa kidogo cha kuabudia Ekaristi. Wakaleta mchoro mzuri sana: katikati msalaba, chini yake ng'ombe mwenye pembe ndefu, na pembeni ngoma ndogo. Mzee mmoja, mwamini ambaye hatujamwona akikosa Misa ya alfajiri, akainuka akasema kwa upole, "Padri, hayo ni mambo ya Abahinda. Tulibatizwa ili tuyaache." Kimya kikatanda. Hatukutoa jibu siku ile, maana swali lake halikuwa dogo. Tuliahidi kuandika, nasi twatimiza ahadi.

Tuanze na mahali penyewe. Wengi wetu hupita Bweranyange bila kujua kwamba hapo palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, wa ukoo wa Abahinda. Mwishoni mwa mwaka 1861 walifika Waingereza wawili, Speke na Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mukama wakati huo alikuwa Rumanyika, na Speke, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu wenyeji, alimsifu kwa heshima na akili yake. Ziwa la karibu, Rwakajunju, wageni hao walilipa jina la Windermere kwa kulifananisha na ziwa la kwao Uingereza. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao: hata maji yaliyokuwa na jina yalibatizwa upya, tena bila kuuliza wasimamizi.

Mwaka 1876 akaja Stanley. Huyu alionyeshwa nyumba ya hazina ya Mukama, nyumba ya mviringo, na baadaye akaichora katika kitabu chake. Aliona humo mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa, sanamu za mabata za shaba, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Walikuwapo pia ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda kama mwezi mchanga, pamoja na nyundo na mafuawe ambayo hayakuwa ya kufulia jembe, bali yalikuwa alama za ufalme. Husimuliwa kwamba Ndagara, babaye Rumanyika, alikuwa mhunzi yeye mwenyewe. Katika nchi hizi za maziwa makuu mfalme na mhunzi walikaribiana sana: mmoja hufanya udongo kuwa chuma, mwingine hufanya koo nyingi kuwa taifa moja.

Ngoma nayo ina kisa chake. Speke aliandika kwamba Ndagara alipofariki, wanawe waligombea kiti. Wakuu wa baraza wakaweka mbele yao ngoma ndogo sana, nyepesi, lakini iliyosemwa kuwa imefungwa dawa, na aliyeweza kuiinua ndiye angetawala. Rumanyika peke yake aliinua. Hatuwaombi waamini wetu wasadiki dawa hiyo. Tunawaomba tu watambue kwamba vijana wetu, walipochora ngoma ile ndogo, walichora jambo zito kuliko walivyodhani.

Sasa tufike palipo na uchungu. Speke aliyaona mambo haya yote, ufalme wenye adabu, baraza, ufundi, akashindwa kuamini kwamba yametoka hapa. Akatunga nadharia kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi ni wageni, wazao wa Wahabeshi walioshuka kutoka Ethiopia. Alimweleza hata Rumanyika mwenyewe kwamba ukoo wake unatokana na Wahabeshi na Mfalme Daudi wa Maandiko! Mwaka 1863 akayachapa hayo katika kitabu, na kitabu kikasomwa na maofisa, na, tukiri kwa unyenyekevu, na wamisionari wetu pia. Wakafundisha shuleni kwamba kila kilicho bora katika Afrika ya Kati kimeletwa na watu wa kutoka kaskazini, na kwamba wakulima walikuwa watu wa kutawaliwa tu.

Msidhani kwamba hayo yalibaki vitabuni. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alisimama hadharani akasema kwamba Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo huingia katika Kagera. Mwaka 1994 sisi wa ng'ambo hii ya mto tuliona maana ya maneno hayo kwa macho yetu: maiti zilipita Kagera hadi Ziwa Viktoria, na wapo waliokaa muda mrefu bila kuonja samaki. Nadharia iliyotamkwa kwa madaha katika ua wa Rumanyika ilikuwa imerudi kwa njia ya maji. Swali la mizizi ya sanaa, wapendwa, si swali la wasomi wenye nafasi. Anayekuambia kwamba kazi ya mikono ya babu yako si yake, anaweza siku moja kukuambia kwamba hata nchi si yako.

Nao udongo ulikuwa na ushahidi tofauti kabisa. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alichimba huko Katuruka, Bukoba, akakuta mabaki ya tanuri za chuma za kale sana, za miaka ipatayo elfu mbili iliyopita. Kisha akawaomba wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo wayeyushe chuma tena. Wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, wakaweka majani ya bwawani yaliyochomwa, makaa na mawe ya chuma. Mirija ya udongo waliiingiza ndani kabisa ya tanuri, hata upepo wa mivukuto ukapata joto kabla ya kugusa makaa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo: mafundi hao walipata chuma cha aina ya pua, chuma kigumu, kwa njia yao wenyewe. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya habari ya upepo huo wa moto, na ubishi huo ni halali. Lakini umri wa tanuri na ustadi wa wale wazee ni mambo yaliyo wazi. Huku Karagwe nako, Andrew Reid na Rachel MacLean waliuchunguza uhunzi wa eneo hili na maana zake, wakachapisha utafiti wao mwaka 1995.

Katika kazi hiyo tanuri ilihesabiwa kama tumbo la mama, na kuyeyusha chuma kama kuzaa. Mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Yapo matambiko humo ambayo Mkristo hawezi kuyarudia, na mzee wetu hapo ana haki kamili. Lakini mtu anayeingia kazini kwa kufunga na kujinyima, kwa sababu anaamini kwamba kitakachotoka si mali yake tu, je, yuko mbali sana nasi? Someni sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, kitabu ambacho sisi Wakatoliki tunacho na hatukifungui. Yumo mhunzi ameketi karibu na fuawe, joto la moto linamkausha mwili, sauti ya nyundo imemjaa masikioni, na macho yake hayaondoki kwenye kielelezo cha kazi yake.

Tumewataja Wahabeshi, basi tuwatendee haki, maana wao hawakumtuma Speke. Wasanii wao wa siku hizi wanatufundisha jambo. Afewerk Tekle, aliyefariki mwaka 2012, ndiye aliyetengeneza dirisha kubwa la vioo vya rangi katika Jumba la Afrika, Addis Ababa, na mkono wake unajulikana umekulia karibu na picha za makanisa ya kwao. Skunder Boghossian alisoma London na Paris, akafundisha Marekani, lakini katika michoro yake zimo zile hati ndefu za ngozi ambazo makasisi wa Ethiopia waliziandika kwa ajili ya wagonjwa. Wosene Kosrof hufanya herufi za Kihabeshi zicheze dansi juu ya turubai. Hawa hawakuona haya kuingia katika sakristia ya zamani na kutoka na kitu kipya. Wamerithi ngozi na wino. Sisi tumerithi chuma, ngoma, ukindu na zeze letu la nanga, ambalo Mugyabuso Mulokozi ameandika juu ya tenzi zake kwa miaka mingi.

Nasi tunao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 binti wa Kihaya, Saida Karoli, aliimba "Maria Salome" kwa lugha ya nyumbani, na nchi nzima ikacheza bila kuelewa nusu ya maneno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wimbo huo wakautengeneza upya kwa jina la "Salome". (Video yake hatuipendekezi kwa watoto wa Kipaimara.) Lakini ni mdundo wa Kagera uliowafikia vijana wa mabara mengine, wala hakuna aliyesema kwamba umetoka Uhabeshi.

Je, Kanisa lina la kusema? Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, walitamka kwamba Kanisa halina mtindo wowote wa sanaa lililoufanya kuwa wake peke yake. Na kabla hata ya Mtaguso, huko Bujora karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianza kujenga kanisa lenye alama za watemi wa Kisukuma, ili waamini watambue kwamba anayekaa altareni ni Mtemi wa kweli. Walikuwapo walionung'unika. Kanisa lipo, na watu wanasali.

Baadhi ya vitu vya Bweranyange vimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Vingine vilivuka bahari, na viko katika makumbusho ya Ujerumani. Mtoto wa Stuttgart anaweza kumtazama ng'ombe wa Karagwe siku ya mapumziko, na mtoto wa kigango chetu hajawahi kumwona hata katika picha. Hilo ndilo lililotusukuma kuwapa vijana wale karatasi na penseli.

Juzi tulimtembelea mzee wetu nyumbani. Hakubadili msimamo kuhusu ngoma. Alisema alipokuwa mtoto aliona damu ikimwagwa mbele ya ngoma, na hawezi kuitazama akiwa amepiga magoti mbele ya Sakramenti. Tulimsikiliza, na tunaona neno lake lina uzito. Kuhusu ng'ombe alinyamaza kwanza. Kisha akatuuliza kama ni kweli kwamba Mtakatifu Luka huchorwa pamoja na ng'ombe. Tukamwambia ni kweli. Akasema pembe katika mchoro wa vijana ni fupi mno, ng'ombe wa Mukama hakuwa hivyo, akatuchorea mwenyewe kwa kijiti juu ya vumbi la ua.

Michoro yote miwili, wa vijana na wa mzee tulionakili, imebandikwa ubaoni nje ya sakristia. Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, na mhunzi atakuwapo.