Daraja au Kiwango? Historia Fupi ya Majina ya Mafuta ya Magari

Ubungo, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Barabara za Mandela na Sam Nujoma, malori ya kukokota magari mabovu hayakosi kazi. Malori hayo yanahitaji mafuta yanayofaa, na mafuta yanayofaa yanahitaji jina linaloeleweka. Katika makala haya tutaeleza jinsi majina hayo yalivyopatikana na mahali yanapopotosha.

Neno mafuta ni kongwe: Waswahili walikuwa na mafuta ya nazi, ya ufuta na ya samaki kabla ya kuona gari. Mafuta ya taa yalipewa jina kwa kazi yake. Petroli ilitokana na Kilatini, kwa maana ya mafuta ya mwamba. Dizeli ilichukua jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897. Kazi, asili na mvumbuzi: njia tatu tofauti za kuunda majina, na zote zimekubalika.

Matatizo yalianza pale petroli ilipogawanywa kuwa ya kawaida na supa. Hayo ni majina ya cheo, na wafasiri wetu wengi wameyafuata kwa kuandika "mafuta ya daraja la juu". Msomaji hudhani kwamba daraja la juu ni nguvu zaidi, hasa kwa gari linalovuta mzigo. Sivyo. Kipimo cha oktani, kilichobuniwa Marekani katika miaka ya 1920, hupima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Isooktani ilipewa 100 na heptani 0. Petroli ya 95 huistahimili hali hiyo sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Mzigo mzito huongeza joto na shinikizo ndani ya silinda, na injini ikipewa oktani pungufu hugonga. Lakini injini iliyoundwa kwa oktani ndogo haipati nguvu kwa kupewa kubwa.

Kwa dizeli mambo ni kinyume. Injini yake haina plagi za cheche. Hewa hugandamizwa hadi ikawa na joto la kuwasha mafuta. Kwa hiyo kipimo chake, setani, huonyesha wepesi wa kuwaka, si ukinzani. Mfasiri anayeandika "tumia daraja la juu" katika kitabu cha lori la dizeli hajamwambia fundi lolote.

Hasara ya kutotofautisha mafuta tumeiona wenyewe. Kwa kuwa mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vyema, hivyo pampu na nozeli huliwa upesi. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kutia alama mafuta halali ili yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Udanganyifu ukabanwa, lakini gharama ilimwangukia pia mwananchi aliyekuwa akiwasha kibatari.

Katika sakata hilo neno kuchakachua lilivuma nchi nzima, na katika uchaguzi wa mwaka 2010 likahamia kwenye kura. Halikuhitaji kamati yoyote, kwa sababu lilitaja kitendo ambacho kila mtu alikijua. Hili ni funzo kwetu tunaosanifu istilahi: neno hudumu linapomwonyesha msemaji kitu chenyewe.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kiwango cha oktani kwa petroli na kiwango cha setani kwa dizeli, kila kimoja kikifuatwa na tarakimu yake. Salfa nayo itajwe kwa kipimo: mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka ukomo wa sehemu 50 katika milioni kwa dizeli. Neno daraja libaki kwa vitu vinavyopangwa kwa cheo kweli, na kwa yale yanayovuka mito na barabara. Wafasiri wa vitabu vya magari na walimu wa vyuo vya ufundi hawana budi kulizingatia jambo hili, kwani fundi hulinunua kosa letu kwa bei ya pampu mpya.